Redio Kaseti Ikinyamaza, Fuata Njia ya Umeme

(Haya ni mazungumzo ya fundi redio mbele ya wahitimu wa kisomo cha watu wazima. Tumeyaandika kama alivyoyasema. Msomaji, yafuate polepole, hatua kwa hatua.)



Leo tutazungumza juu ya mashine hii mnayoiona mezani. Ni redio kaseti ya kubeba mkononi. Ina mpini juu, spika mbele, na mlango mdogo wa kutilia kanda. Wengi wenu mnaijua tangu ujana wenu. Kampuni ya Philips ya Uholanzi ilitoa kanda za namna hii mwaka 1963. Mwaka 1979 kampuni ya Sony ya Japani ikatoa Walkman, mashine ndogo ya kusikiliza kanda huku unatembea. Siku hizi watu husikiliza nyimbo katika simu. Basi vijana wanauliza, "Babu, sanduku hili la nini tena?"

La nini? Sikilizeni. Mashine hii ni ya mama mmoja wa kisomo hiki. Nyumbani anayo kanda moja. Katika kanda hiyo baba yake, ambaye sasa ni marehemu, anaeleza habari za ukoo wao. Anasema nani alimzaa nani, walitoka wapi, na mpaka wa shamba lao unapita wapi. Maneno hayo hayakuandikwa mahali popote. Yamo katika kanda ile tu. Na mashine imenyamaza. Mama ameambiwa, "Hii imekufa. Itupe."

Mimi nasema hatutupi kitu kabla ya kukipima. Mara nyingi mashine ya zamani haikufa. Imekatika njia mahali pamoja tu. Kazi yetu leo ni kupatafuta mahali hapo.

KWANZA, LINDA KANDA

Kabla hatujashika bisibisi, tulinde kanda. Kanda ya ukoo haiwi kanda ya kujaribia. Tafuta kanda nyingine isiyo na thamani, hiyo ndiyo ya majaribio. Mashine mbovu inaweza kutafuna ukanda, na ukanda ni mwembamba. Upana wake haufiki milimita 4.

Halafu tazama mgongo wa kanda yako. Kuna vibao viwili vidogo vya plastiki, kimoja kila kona. Ukivivunja vyote viwili, kitufe cha kurekodi hakitakubali kushuka. Sauti iliyomo haiwezi kufutwa kwa bahati mbaya. Maana kitufe hiki chekundu ni hatari. Ukikibonyeza pamoja na kile cha kupiga, maneno ya mzee yanafutika, na hakuna fundi wa kuyarudisha.

SAKITI NI NINI?

Sakiti ni njia ya umeme. Fikirini mfereji wa kumwagilia bustani. Maji yanatoka kwenye chanzo, yanapita mferejini, yanafika kwenye mboga. Mboga zikinyauka, mkulima mwenye akili hang'oi mboga. Anapanda mpaka kwenye chanzo, halafu anashuka na mfereji akiangalia maji yameishia wapi.

Umeme nao ni vivyo hivyo, ila una tofauti moja na maji. Umeme lazima urudi ulikotoka. Unatoka upande mmoja wa betri, unapita katika mashine, unarudi upande wa pili. Njia ikikatika mahali pamoja, basi, kazi inasimama. Hata kama vitu vingine vyote ni vizima.

Kwa hiyo tuna sheria tatu:

1. Anza kwenye chanzo, shuka na njia.

2. Gusa kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha vitu vitatu pamoja, mashine ikipona hutajua dawa ilikuwa ipi. Ikizidi kuugua, hutajua sumu ilikuwa ipi.

3. Andika kila ulichofanya.

ONYO: Redio kaseti nyingi zina waya wa umeme wa ukutani. Umeme huo ni volti 230, nao unaua. Chomoa waya huo, uweke mbali. Kazi yetu yote ya leo tunaifanya kwa betri. Ikiwa ubovu uko upande wa umeme wa ukutani, mpelekee fundi aliyejifunza kazi hiyo.

HATUA YA 1: BETRI

Mashine hii inatumia betri kubwa 4, yale ambayo wengine mnayaita mawe. Kila moja ikiwa mpya ina volti 1.5. Hesabu tuliyojifunza kisomoni inafanya kazi hapa: 1.5 mara 4 ni ngapi? Ni 6. Kwa hiyo mashine inataka volti 6.

Mimi nina mita ya kupimia. Waya mwekundu naugusisha upande wa jumlisha, waya mweusi upande wa kutoa. Mita inasoma 6. Vizuri. Lakini tusiridhike bado. Betri iliyochoka huonekana nzima ikiwa imepumzika, kama ng'ombe mgonjwa aliyesimama kivulini. Mpe jembe la kuvuta ndipo utamjua. Basi washa mashine, bonyeza kitufe cha kupiga, halafu pima tena. Kila betri ikishuka chini ya volti 1.2 wakati wa kazi, ni dhaifu. Mota itakwenda pole na mwimbaji ataimba kama mtu mwenye usingizi.

Angalieni pia alama. Ndani ya kifuniko kuna + na −. Zisomeni. Betri moja ikigeuzwa, nguvu ya tatu zilizobaki inapungua na mashine haiendi. Kosa hili huponywa bila hata senti moja.

HATUA YA 2: MAHALI BETRI ZINAPOGUSA

Toeni betri. Mnaona springi hizi na vibati hivi? Betri zikiachwa ndani muda mrefu huvuja. Uchafu wake unakula chuma. Umeme unafika hapo na kukwama, kama maji yanavyokwama penye taka.

Usishike uchafu huo kwa mkono mtupu, na usiusogeze machoni. Chukua pamba kwenye kijiti, uifute. Ikiwa betri zilikuwa za alkalaini, unga mweupe utalainika kwa tone la siki au ndimu. Kisha futa kwa pamba yenye maji kidogo tu, kausha kabisa, na usugue kwa msasa laini mpaka kibati king'ae. Vuta springi kidogo ili ikaze betri.

Na kuanzia leo, mashine usiyoitumia itolewe betri.

HATUA YA 3: SWICHI ZILIZOJIFICHA

Hapa ndipo watu wengi hudanganyika. Swichi ya kuwashia mnaiona. Lakini zipo swichi nyingine ambazo hazionekani.

Ya kwanza iko ndani ya tundu la waya wa umeme wa ukutani. Katika mashine nyingi, ukichomeka waya ule, kibati kidogo ndani ya tundu kinasukumwa na betri zinakatwa. Ukichomoa, kibati kinapaswa kurudi. Kikishika kutu au kikipinda, hakirudi. Betri ni mpya, lakini mashine kimya. Mtu ananunua betri nyingine, tena na tena, na fedha zinakwenda bure.

Ya pili iko ndani ya tundu la kusikilizia masikioni. Ukichomeka, spika inakatwa. Ukichomoa, spika inarudi. Kibati kikikwama, spika inanyamaza, ingawa ukisikiliza masikioni sauti ipo. Kwa hiyo jaribuni njia hiyo kwanza. Dawa yake mara nyingi ni kuchomeka na kuchomoa mara 20 au 30, mashine ikiwa imezimwa, ili vibati visuguane na kutakata.

Ya tatu iko chini ya vitufe vya kanda. Ukibonyeza cha kupiga, vibati viwili vinagusana na kuiwasha mota. Vikiwa vichafu, redio inasikika lakini mota haizunguki. Pitisha kati yake kipande cha karatasi ngumu chenye spiriti. Usitumie kisu.

Asiye na mita afanyeje? Chukua betri 1, waya, na taa ya kurunzi ya zamani, ile ya kioo yenye uzi wa waya ndani. Toa kwanza betri za mashine. Unganisha taa yako ipite kwenye waya au swichi unayoshuku. Taa ikiwaka, njia ni nzima. Isipowaka, njia imekatika. Lakini ipimie nyaya na swichi tu. Usiipimie kichwa cha kusomea kanda wala vitu vidogo vya sakiti, utaviharibu.

HATUA YA 4: MUULIZE SHAHIDI

Haya, sasa mashine ya mama. Betri ni nzima, vibati ni safi. Nabonyeza kitufe cha kupiga. Mota inazunguka, mnaiona. Lakini wimbo hatuusikii. Ubovu uko wapi?

Tunaye shahidi ndani ya sanduku hili hili. Shahidi ni redio. Kanda na redio ni kama ndugu wawili wanaokaa mji mmoja. Kila mmoja ana chumba chake, lakini wanatumia mlango mmoja wa kutokea. Mlango huo ni kikuza sauti na spika.

Nasogeza swichi kwenye redio na kuongeza sauti. Mnasikia? "Shshshsh." Hata bila stesheni, mvumo huo unatosha. Umetuambia kwamba spika ni nzima na kikuza sauti ni kizima. Basi tumeshaacha nusu ya mashine bila kuifungua!

Kama redio nayo ingenyamaza, tungetafuta mlangoni: spika, tundu la masikioni, kitasa cha sauti, au kikuza sauti chenyewe. Lakini redio imesema. Kwa hiyo ubovu uko chumbani kwa kanda.

HATUA YA 5: CHUMBA CHA KANDA

Narudisha swichi kwenye kanda. Sikilizeni tena. Kuna mvumo na ngurumo ndogo, lakini hakuna wimbo. Kungekuwa kimya kabisa, ningeshuku swichi hii ya kuchagua redio au kanda, maana nayo hushika uchafu. Mvumo unaonyesha kwamba sehemu ya kwanza ya kukuza sauti ya kanda iko hai, lakini haipati kitu cha kukuza. Ni kama mtu mwenye kipaza sauti ambaye hakuna anayemwambia neno.

Nani anapaswa kumwambia? Ni hiki kichwa cha kusomea. Kanda hupita mbele yake karibu sentimita 5 kila sekunde. Kichwa kinasoma alama za sumaku kwenye ukanda na kuzigeuza kuwa umeme mdogo sana. Umeme huo unapita katika nyaya nyembamba nyuma yake.

Nazima mashine, natoa betri, na kufungua kifuniko. Sasa fikirini. Kila ukibonyeza kitufe cha kupiga, kichwa kinasogea mbele. Ukisimamisha, kinarudi nyuma. Nyaya nazo zinakwenda na kurudi, miaka 30, miaka 40. Hata mlango wa nyumba hulegea bawaba.

Nasukuma waya huu polepole kwa kijiti cha meno. Mnaona? Umeinuka! Ulikuwa umelala juu ya mguu wa kichwa bila kushikana nao. Kwa macho ulionekana mzima. Huu ndio ugonjwa wote wa mashine iliyoambiwa imekufa.

HATUA YA 6: MATIBABU

Nakata ncha mbovu ya waya, nafungua ganda lake kidogo, milimita 3 hivi. Naipaka risasi ncha hiyo. Kisha nauweka mahali pake na kugusisha chuma cha kulehemu kwa sekunde 2 au 3 tu. Kikikaa zaidi, plastiki ya kichwa itayeyuka. Naacha waya ulegee kidogo, ili kichwa kiweze kwenda na kurudi bila kuuvuta.

Moshi wa kulehemu usiuvute. Watoto wasikae karibu. Ukimaliza nawa mikono kabla ya kula, kwa sababu risasi nyingi za kulehemu zina madini ya ledi, nayo ni sumu.

Kabla ya kufunga, nafuta uso wa kichwa kwa pamba yenye spiriti safi isiyo na mafuta. Tazameni pamba: imekuwa ya kahawia. Hiyo ni vumbi la kanda. Peke yake linaweza kufanya sauti iwe nzito kama mtu anayesema ndani ya blanketi. Nangoja pakauke. Bisibisi yenye sumaku isisogee hapa, itaharibu usikivu wa kichwa.

Narudisha betri. Naweka kanda ya majaribio. Nabonyeza.

Haya, mnasikia wenyewe. Inaimba.

UBOVU MWINGINE UNAOTOKEA MARA NYINGI

Siyo kila mashine ina ugonjwa wa waya huu. Andikeni haya:

Mota inalia lakini kanda haizunguki. Huo si ubovu wa sakiti. Mpira wa kuzungushia umelegea, au umeyeyuka ukawa kama lami. Futa lami yote kwa spiriti, uweke mpira mpya wa kipimo kile kile. Usifunge raba ya kawaida ya ofisini, haivuti sawasawa.

Sauti inakuja na kupotea ukiitikisa mashine. Tafuta ufa mahali palipolehemewa, hasa kwenye matundu, kitasa cha sauti na nyaya za betri. Ufa huonekana kama pete nyembamba kuzunguka mguu wa kifaa. Gongagonga polepole kwa kijiti kikavu huku unasikiliza. Pale inaposhtuka, ndipo pa kulehemu upya.

Kitasa cha sauti kinakwaruza. Kizungushe mwanzo mpaka mwisho mara nyingi mashine ikiwa imezimwa. Kikizidi, kinataka dawa ya kusafishia swichi.

Sauti ni hafifu ingawa kichwa ni safi na betri ni mpya. Huenda kapasita zimekauka. Ni vile vikopo vidogo vilivyosimama kwenye kibao. Huu ni wakati wa kumwita fundi. Lakini mwangalie anaponunua: kipimo kiwe kile kile, volti zisiwe pungufu, na upande wa kutoa uwekwe kwenye kutoa.

KANDA YA MZEE SASA

Mama, mashine yako imepona. Kanda ya baba hatutaipiga hapa. Hiyo ni ya ukoo wako. Lakini fanya hivi.

Itazame kwanza. Ikiwa na ukungu mweupe, usiipige, utasambaza ukungu na kuziba kichwa. Itafutie mtu mwenye ujuzi wa kuisafisha. Ikiwa safi, kaza ukanda uliolegea kwa kuzungusha kalamu ya risasi katika tundu lake. Ndiyo, kalamu ile ile uliyojifunzia kuandika.

Halafu usiipige kwa kusikiliza tu. Mara ya kwanza itakapopigwa, na simu iwe inarekodi. Chagua chumba kimya. Funga mlango, kuku wasiingie. Weka simu karibu na spika. Jaribu kwanza kwa dakika moja na ile kanda nyingine, usikilize kama imetoka vizuri. Kanda ya dakika 60 ina dakika 30 kila upande, kwa hiyo usisahau kuigeuza. Nakala moja ibaki katika simu yako, nyingine mpe ndugu anayekaa mbali. Nyumba moja ikiungua, maneno yanabaki.

Mwisho chukua daftari. Andika majina ya ukoo na habari za mpaka kama mzee alivyozisema. Waite ndugu na majirani wa shamba wasikilize pamoja, wakiwapo wazee. Sauti hiyo haimalizi ugomvi peke yake, lakini watu watazungumza juu ya jambo walilolisikia wote, siyo juu ya "nilisikia fulani alisema."

DAFTARI LA MASHINE

Ndugu zangu, katika vifaa vyote vilivyo mezani, kilichotusaidia zaidi ni kalamu. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kila mashine ya nyumbani iwe na ukurasa wake. Mimi nimeandika hivi:

"Redio kaseti ya betri 4. Dalili: redio inasema, kanda haisemi, mota inazunguka. Betri volti 6, nzima. Ubovu: waya wa kichwa umekatika. Imelehemewa. Kichwa kimesafishwa."

Mistari michache tu. Lakini siku nyingine mashine ikinyamaza, mwenyewe au fundi hataanza gizani. Na ukimpelekea fundi karatasi kama hii, atajua kwamba unajua. Itakuwa vigumu kukuambia ununue kitu usichokihitaji.

Sasa kila kikundi kichukue bisibisi na daftari, tufungue mashine nyingine mlizoleta. Betri kwanza zitolewe!

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini tunaanza kupima kwenye betri na siyo kwenye spika?

2. Redio inasikika lakini kanda haisikiki. Je, spika ni mbovu? Eleza sababu.

3. Tufanye nini ili sauti iliyomo katika kanda isifutwe?

4. Katika kijiji chenu, ni maneno gani ya wazee yaliyomo katika kanda na hayajaandikwa?